Kioo cha Mlango wa Nyuma

Mume wangu hakuwahi kumtazama mama yangu usoni, na mama yangu hakuwahi kumtazama yeye, na wote wawili waliona huo ndio upendo. Mimi niliyekaa katikati yao niliona ni kazi.

Kwetu Kagoma, kwa kina mama wa rika lake, mkwe wa kiume ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hampeani mkono. Mkwe akiingia uani, mama anapotelea jikoni. Mama akiwa anatoka kisimani akamwona mkwe anakuja, anaacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Kwa Kihaya tunaita ensoni. Watu wakitafsiri kwa Kiswahili husema ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni ya mtu anayekuthamini hadi hajui aweke wapi macho yake. Si kila nyumba ilishika hivyo, hata miaka ile ya Ujamaa. Ya kwetu ilishika.

Basi salamu zote zilipitia kwangu. "Mwambie mama nimemsalimu." "Mwambie mkwe nimeitikia." Walikuwa wanasikiana wazi kabisa, maana kati yao palikuwa na ukuta wa miti na udongo tu, lakini jambo halikuwa limesemwa mpaka niliseme mimi. Nilipoolewa nilidhani nimepata mume, kumbe nimepata na kazi ya posta.

Mume wangu alikuwa fundi wa redio mjini Bukoba, karibu na soko. Tulikaa Buhembe, katika nyumba ya vyumba viwili yenye migomba michache nyuma. Redio siku hizo ndiyo ilikuwa kila kitu: hotuba, mpira, matangazo ya vifo. Betri zilipoadimika madukani watu walimletea redio zao wakidhani zimekufa, naye akawa anawaambia kwa upole kwamba hazina ugonjwa, ni njaa tu.

Gari alilinunua kwa mfanyabiashara wa kahawa wa pale mjini aliyekuwa anafungasha kuondoka nchini. Lilikuwa gari kubwa la Kimarekani, kuukuu, jeupe lililochuja, na vioo vyake havikuwa vya kuzungusha kwa mkono. Kila mlango ulikuwa na swichi. Ukibonyeza, kioo kinapanda au kinashuka chenyewe huku kikinguruma taratibu. Hakuna mtu aliyelitaka. Lilikunywa petroli bila huruma, na nani Bukoba nzima angetengeneza milango ya umeme? Mume wangu alilitaka kwa sababu hiyo hiyo. Alikaa ndani yake jioni ya kwanza akapandisha na kushusha vioo vyote mpaka nikatoka kumuuliza kama atakula au atabonyeza.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kulitazama. Akalizunguka, akapiga tairi teke, akauliza kama hatuoni vibaya kuendesha gari la kibepari wakati wenzetu wanajenga taifa kwa jembe. Mume wangu akamjibu kwamba lilikuwa la kibepari lilipokuwa jipya, lakini sasa ni bovu, kwa hiyo ni mwenzetu. Balozi alicheka hadi akashika kiuno. Tangu hapo mkewe akiugua, sisi ndio tuliompeleka hospitali.

Na mama naye akaanza kupoteza macho.

Ilianza kama ukungu. Mara anamwaga maji pembeni ya chungu, mara anachuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, yeye ambaye zamani alitukaripia kwa punje moja ya kijani. Tulipompeleka mjini tuliambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba daktari wa kuutoa ugonjwa huo huwa anakuja kwa meli kutoka Mwanza kwa nadra, anafanya kazi siku chache kisha anaondoka. Akija tena tutaarifiwa. Tulipoarifiwa, mimi nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza karibuni tu, bado natembea kwa kujishika ukuta. Ikabidi mume wangu aende Kagoma kuwachukua peke yake, mama na baba.

Wapangie safari hiyo watu wawili wasiosemezana uone. Baba alikaa mbele, mama nyuma yake, kanga kichwani. Kabla ya kuondoka, mume wangu alikigeuza kile kioo kidogo cha dereva kikatazama dari, asije akamwona mama kwa bahati mbaya. Alifanya hivyo kwa heshima, na baba alimsifu.

Ilikuwa Jumapili. Baba hakuwa mtu wa kukosa misa hata kama nyumba inaungua, kwa hiyo waliondoka baada ya misa, na siku hizo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kupita saa nane mchana, ili kuokoa mafuta ya nchi. Mume wangu akawa anakimbizana na saa katika barabara ya udongo. Njiani mvua ikashuka, mvua ya kwetu, isiyonyunyiza kwanza. Gari likaingia kwenye shimo, likaruka, na kioo cha mlango wa mama kikaangukia ndani ya mlango.

Mama alibonyeza swichi. Kioo hakikupanda. Mvua yote ya upande ule ikaanza kuingia mapajani mwake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni Buhembe na mtoto mkononi walipofika. Mume wangu alifanya jambo ambalo kwa mtu mwingine yeyote lingekuwa uungwana: alishuka na mwavuli, akazunguka, akamfungulia mama mlango. Na mama alikuwa amelowa chapachapa. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka, kanga imedondoka chini ya miguu, na gauni lake la misa limemng'ang'ania mwilini kama ngozi. Mume wangu aliona. Aliutupa mwavuli akakimbia. Nasema alikimbia, mtu mzima mwenye mke na mtoto, mpaka nyuma ya nyumba kwenye migomba.

Nilimwingiza mama ndani, meno yanagongana, nikamvua, nikamfunika blanketi.

"Mae, kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

"Si baba alikuwepo?"

"Baba yako alikuwa amelala."

"Ungemgusa bega."

"Nilimgusa. Akageukia upande wa pili."

Nilikasirika siku hiyo hadi maziwa yakanikauka mpaka kesho yake. Nilimkasirikia baba na usingizi wake, mume wangu na kioo chake kilichotazama dari, na zaidi ya wote mama, aliyeona afadhali anyeshewe nusu ya wilaya kuliko kumwambia mkwewe neno moja. Mume wangu aliporudi kutoka migombani alisema alisikia mvua kubwa, akadhani ni ya kwenye bati la gari.

Mama akapata homa ya kifua. Daktari wa macho alimsikiliza akikohoa, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba mtu akikohoa baada ya kupasuliwa jicho, mshono unaweza kufumuka na jicho likapotea palepale. "Apone kwanza, aje nitakaporudi. Lakini asikose tena," akasema, "kwa sababu la kulia limeshaiva, na likiiva kupita kiasi linaharibika, hata mimi sitaweza kulifanya kitu. La kushoto nalo linafuata."

Mama alirudi Kagoma kwa basi, amemshika baba mkono. Na alipofika akatangaza kwamba gari lile hapandi tena. Basi nalo hapandi, kwani aliporudi nalo alishushwa akaangukia mtaroni. Tukawa tunajua meli itarudi lini, tunajua jicho linangoja nini, na mwenye jicho amekaa zake jikoni anamenya ndizi kwa kupapasa.

Nilikwenda kumbembeleza. Nikamweleza kuhusu upofu, nikamtisha, nikamkumbusha kwamba ana mjukuu ambaye hajamwona sura vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mvua siiogopi," alisema. "Nimelima kwenye mvua maisha yangu yote. Lakini aliniona, mwanangu. Aliniona vile nilivyokuwa. Nitaingiaje tena katika gari lake?"

Nikaondoka na hasira zangu.

Mume wangu kumbe alikuwa ameanza kuufungua ule mlango. Kila jioni akitoka dukani aliketi karibu na gari akichomoa kitu: kwanza mkono wa kufungulia, halafu sehemu ya kuwekea kiwiko, halafu lile gamba zima la ndani lililobanwa kwa vibanio vidogo ambavyo alivichomoa kimoja kimoja na bisibisi aliyoifunga kitambaa ili asichane ngozi. Chini ya gamba kulikuwa na nailoni ya kuzuia unyevu, na nyuma ya nailoni ndipo ilipo mashine ya kioo. Alinionyesha. Ni vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi; mkasi ukifunguka kioo kinashuka, ukifunga kinapanda. Mota ndogo inazungusha gia, gia inasukuma mkasi. Meno ya gia yalikuwa yamenyofoka upande mmoja, na chuma kimoja cha mkasi kimejipinda.

"Mota ni nzima," alisema. "Umeme unafika. Kinachokosekana ni chuma."

Chuma hicho Bukoba hakikuwepo. Mwanza hakikuwepo. Sabuni yenyewe tulikuwa tunapanga foleni. Alijaribu kuchomelea meno kwa welda wa mjini, yakadumu kwa jaribio moja.

Ila yule mfanyabiashara wa kahawa alikuwa na ndugu, na ndugu hao wawili waliagiza magari mawili pacha. La ndugu yake lilikufa injini zamani huko huko Kagoma, likaachwa kwa mama mmoja jirani yetu ambaye aliligeuza banda la kuku. Mimi nimepita pale tangu msichana nikiona jogoo amekaa kwenye usukani, na haikunijia kichwani. Nilipomtajia mume wangu aliniangalia kana kwamba nimemficha hazina.

Tulikwenda Kagoma Jumamosi, kioo kimekazwa juu kwa kabari ya mti. Mama aliposikia mngurumo akaingia chumbani, mlango ukafungwa. Tukapitiliza kwa jirani. Jirani yule alisikiliza shida yetu huku akitema maganda ya kahawa aliyokuwa anatafuna, akasema chuma tuchukue, yeye chuma hakimtagii, lakini kuku wake wasije wakanyeshewa. Mume wangu akakubali. Alitoa mashine ya mlango ule ule wa nyuma, upande ule ule, akakipandisha kioo cha kuku na kukikaza kwa ubao na misumari kiasi kwamba nadhani kipo juu mpaka leo.

Mashine ile ilikuwa na kutu na mavi ya kuku. Aliiosha kwa mafuta ya taa uani kwetu, akaisugua kwa mchanga, ikaanza kung'aa meno yake, yote yapo. Ikabaki grisi. Grisi hakuna. Nilipokuwa nalalamika kwa sauti uani, mlango wa chumba ukafunguka kidogo, ukatokea mkono wa mama na kibuyu cha mafuta ya ng'ombe anayojipaka. Mkono ukarudi, mlango ukafungwa. Mume wangu aliyapaka kwenye gia bila kusema neno. Gari lile lilinukia maziwa muda mrefu sana baadaye.

Sasa kurudisha mashine mlangoni si kazi ya mtu mmoja. Mmoja lazima akishike kioo juu kwa viganja vyote viwili, maana chini hakina kitu cha kukibeba, na mwingine aingize mashine kwa tundu la ndani ya mlango, aelekeze magurudumu yake madogo kwenye mfereji ulio chini ya kioo, kisha afunge boliti. Kioo kikikuponyoka hapo kimevunjika, na hakuna kingine. Na mashine ina springi iliyokazwa, ikifyatuka inaondoka na kidole. Baba alikuwa amekwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa rafiki yake. Nikakishika mimi. Nilisimama upande wa nje wa mlango, mume wangu akachuchumaa upande wa ndani, mikono yake imezama hadi kwenye viwiko.

Hapo mtoto akaanza kulia ndani. Mama alimbembeleza, akamwimbia, akamrusharusha. Mtoto alitaka ziwa, na ziwa lilikuwa limeshika kioo.

"Subiri," mume wangu akasema kwa meno yaliyofungwa. "Nikiachia sasa hivi springi itaniumiza."

Mtoto alilia hadi akaanza kukosa pumzi. Na ndipo mama akatoka. Alikuja kinyumenyume, mgongo wake kwetu, kanga imemfunika hadi kidevuni, mtoto mkononi. Alimlaza mtoto kwenye majani miguuni pangu bila kugeuka. Halafu akageuka ubavu, akapapasa hewani, viganja vyake vikapata kioo, vikakibana pande zote mbili. Nikatoa mikono yangu, nikamwinua mtoto.

"Mae," nilisema, "huoni hata kidole chako. Unajifunika nini?"

"Yeye ananiona."

Nilikaa kizingitini, nikamnyonyesha mtoto. Kati yao wawili palikuwa na unene wa kioo tu. Na kazi ya posta ikaanza.

"Mwambie mama ainue kidogo," alisema mume wangu, akiongea na mlango.

"Mae, inua kidogo."

"Mwambie mkwe nimeinua."

"Kainua."

"Mwambie asogeze upande wa mbele."

"Mae, upande wa mbele."

"Mbele yangu au mbele ya gari?"

"Mbele yako au ya gari?"

Kila neno lilifika limechelewa. Nikitamka "shusha" gurudumu limeshapita mfereji; nikitamka "ngoja" limeshatoka. Jasho lilimtiririka mume wangu machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mtoto, kwa kuniona nimekaza mwili, akaling'ata ziwa kwa ufizi. Nikapandwa na mori.

"Nimechoka mimi! Mnasikiana, mko hapo hapo, mimi wa nini? Semezaneni wenyewe au mkiache kivunjike!"

Nikawageuzia mgongo. Nilisikia kuku wanaparua, nikasikia pumzi za mume wangu, na nikasikia moyo wangu mwenyewe, maana nilijua nimesema jambo ambalo katika nyumba ile halisemwi. Nikangoja mlio wa kioo kupasuka.

"Kioo," mume wangu akasema polepole. "Kioo, panda kidogo."

Niligeuza shingo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakiambia kioo. Mama hakusogea. Kisha viganja vyake vikapanda, kidogo tu.

"Kioo kimepanda," alisema, akiiambia migomba.

"Kioo kije huku kwenye bawaba."

"Kinakuja."

"Kisimame hapo hapo. Kisimame, waitu." Waitu ni neno letu la heshima, la kumwitia mkubwa.

"Kimesimama."

Gurudumu la kwanza likaingia mfereji, nikalisikia. Wakaendelea. Kioo kikaombwa, kioo kikaitika, na hakuna aliyevunja kitu chochote, kwa sababu kuongea na kioo hakuna aliyewahi kukataza. Nilikuwa nimejaa hasira na sasa sikujua niipeleke wapi. La pili likaingia. Mume wangu akatafuta boliti kwa kupapasa, akaanza kuikaza kwa vidole.

Hapo mama akauliza swali. Hakuinua sauti.

"Kioo. Siku ile, kwa nini ulianguka?"

Vidole vikasimama.

"Meno yalikatika," mume wangu alijibu kutoka ndani ya mlango. "Sikujua. Ningejua ningesimamisha gari, ningevua koti nikaziba. Ningetembea kwa miguu nyuma ya gari, waitu, ningefanya lolote."

"Na tulipofika. Uliona nini?"

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama boliti yake.

"Sikuona kitu," alisema. "Mvua ilikuwa kubwa mno. Sikuona kitu chochote."

Alikuwa anadanganya, mimi najua, na mama alijua kuliko mimi. Nilimwona kwa ubavu, jinsi kanga ilivyokuwa inapanda na kushuka kifuani. Viganja vikiwa bado vimebana kioo, akashusha mabega ambayo nadhani hakuwa ameyashusha tangu Jumapili ile. Nilimpenda mume wangu saa ile kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda hata siku ya harusi. Nililia, na mtoto akaachia ziwa kunishangaa.

"Basi funga boliti zako," mama alikiambia kioo. "Mikono imechoka."

Zilipokazwa zote, mume wangu aliunga waya za mota, akaenda kukaa mbali, kwenye jiwe la kunolea, akaupa ua mgongo. Nikamwongoza mama kidole chake hadi kwenye swichi. Akabonyeza. Kioo kikashuka, kikinguruma. Akabonyeza upande wa pili, kikapanda hadi juu kabisa, kikagota. Alipitisha kiganja ukingoni kutafuta upenyo, hakuupata. Akashusha tena, akapandisha.

"Kinasikia," alisema. Na baada ya kidogo, "Meli inafika lini?"

Safari hii nilikuwemo, nimekaa nyuma na mama, mtoto katikati. Baba alilala kabla hatujatoka Kagoma. Kile kioo kidogo cha dereva kilitazama dari kama kawaida, na sikuthubutu kusema kitu. Anga lilikuwa jeupe, hakuna hata tone, lakini mama alipandisha na kushusha dirisha lake njia nzima, na kila lilipopanda nilimwona mume wangu, kwa nyuma, masikio yake yakitulia.

Daktari alianza na jicho la kulia. Alisema tumewahi kwa bahati. Mama alilazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa chake asije akakigeuza, bandeji machoni, haruhusiwi kukohoa wala kucheka. Mume wangu alileta uji na chai kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alifika mpaka mlango wa wodi, akanikabidhi, akaondoka. "Mwambie mama nimemsalimu." "Mwambie mkwe nimeitikia."

Siku ya kufungua bandeji nesi alikuja mapema kuliko tulivyotarajia. Alimkalisha mama kitandani, akaondoa pamba, akalisafisha jicho, akamvisha miwani ya kioo kinene kama kitako cha chupa. Mama alitazama blanketi. Akatazama mikono yake, mbele na nyuma. Akamtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwangu, akamgusa pua.

Na mume wangu akaingia na chupa ya chai. Hakunikuta mlangoni, akaamini bandeji bado, hakubisha hodi.

Wote wawili waliganda. Mama alimtazama. Sijui ni kwa muda gani, labda ule wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa, lakini alimtazama usoni wazi wazi, na yeye akatazamwa. Kisha mama akaivuta kanga akajifunika uso mzima, miwani na yote, na mume wangu akaiweka chupa sakafuni akatoka huku akigongana na kitanda cha jirani. Wodi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, hadi nilipoona kanga inatikisika.

"Ndiye yule?" mama aliuliza kutoka ndani ya kanga.

"Ndiye, mae."

Akaigusa miwani kwa ndani.

"Miwani hii inakuza vitu?"

"Nesi amesema inakuza."

"Basi amekonda kuliko ninavyomwona," alisema. "Hali chakula tangu siku ile ya mvua. Toka, mwahi kabla hajafika mbali. Mwambie mwanangu ale."